Mwenye mtoto kiziwi anayejikwaa jioni, tafadhali soma hapa kabla hujamruhusu kwenda ziwani usiku (Mwanza)

BintiWaMabatini (mleta mada)

Wakuu salaam, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mzaliwa wa Mabatini hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, ambako kufika nyumbani lazima upande ngazi za jiwe huku umeshika ukuta wa jirani. Naandika habari za mdogo wangu wa kiume. Nimemwomba ruhusa, akaniambia niseme yote isipokuwa jina lake. Sasa ana miaka 24.

Alizaliwa kiziwi. Mama alijua mapema kuliko daktari yeyote, kwa sababu masika yakipiga bati letu hata watu wazima ndani wanaongea kwa kupaza sauti, na yeye alikuwa amelala fofofo. Jambo la pili tuliliona lakini hatukulipa uzito: alichelewa kutembea. Watoto wa rika lake wanakimbizana, yeye bado anakaa na kuyumba kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Bibi alimchimbia shimo nyuma ya nyumba, wakamsimamisha humo na kumfukia hadi kiunoni ili miguu ikaze, kama wazee wetu walivyofanya. Alitembea akiwa na miaka miwili na miezi minne. Tukafanya sherehe ndogo, tukasahau.

Akaenda shule ya viziwi, akajifunza Lugha ya Alama, na likizo alikuwa ananifundisha mimi. Hiyo ni zawadi aliyonipa, na nitaeleza baadaye imetufaa vipi.

Alipofika miaka kumi na moja, kumi na mbili hivi, mambo yakaanza kubadilika. Mnajua kwetu jua likizama halichelewi; saa moja kasoro bado unaona, saa moja na robo ni giza. Ndani ya hiyo nusu saa mdogo wangu alikuwa anageuka mtu mwingine. Ukimtuma dukani hataki. Tukishuka pamoja anashika ncha ya kanga yangu. Anagonga ndoo, anakanyaga watoto. Mama akamwita mvivu na mwoga. Shuleni wakaandika kwenye ripoti kwamba ana dharau, akiitwa kwa mkono hageuki. Umeme ukikatika tukiwa katikati ya mazungumzo, anayakata palepale, anatafuta ukuta kwa mkono, anakaa chini. Mimi nilidhani amenuna. Miaka mitano nilidhani mdogo wangu ana tabia ya kununa gizani.

Zahanati tuliyompeleka walisema ni upungufu wa vitamini A. Akala maini, viazi lishe, mapapai na mchicha mwaka mzima. Afya ikamjaa, giza likabaki vilevile.

Akiwa na miaka 18 mjomba akamchukua kambini, kwenye kisiwa kimoja, avue dagaa. Kwa msiofahamu, dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku, na siyo usiku wowote. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika na kutengeneza nyavu, giza likirudi wanaingia na taa, maana dagaa wanafuata mwanga. Kwa hiyo kazi yenyewe inahitaji usiku mweusi. Mdogo wangu ni muogeleaji mzuri, mchana anavuka umbali unaotisha. Usiku wa tatu alikanyaga pembeni, akadondoka upande usio na taa.

Mjomba alirukia maji. Aliponisimulia alikuwa bado anatetemeka, na yeye ni mtu mzima wa ziwani. Alisema: "Nilimkuta anaogelea kwa nguvu zote, lakini anaelekea chini." Alimvuta kwa shati.

Baadaye nilimuuliza mwenyewe. Alinijibu kwa alama mbili tu: akaelekeza juu, akaelekeza chini, kisha akafuta vyote viwili kwa kiganja. Ndani ya yale maji hapakuwa na juu wala chini.

Hapo ndipo tulipompeleka hospitali ya Bugando. Daktari wa macho alimtia dawa ya kutanua mboni, akamulika ndani muda mrefu, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kwenye kliniki ya macho: "Huyu kijana alianza kutembea lini?" Nilipomjibu, alinyamaza kidogo, akasema tukapime na masikio, na akaandika neno ambalo sikuwahi kulisikia: Usher.

Ni ugonjwa wa kurithi unaochukua usikivu na uoni pamoja. Umepewa jina la Charles Usher, daktari wa macho wa Uskoti, aliyeandika mwaka 1914 kwamba unapita katika familia, ingawa Mjerumani Albrecht von Graefe alishaueleza tangu 1858. Fikirini, miaka yote hiyo inajulikana, na sisi tulikuwa tunachimba shimo.

Sikio la ndani lina kazi mbili, kusikia na kutunza mizani ya mwili, na vyombo vyake vimekaa pamoja. Mdogo wangu alizaliwa vyote viwili havifanyi kazi. Ndiyo maana alichelewa kutembea. Alijifunza kusimama kwa kutumia macho. Ukimnyima mwanga umemnyima masikio, mizani na macho kwa mkupuo mmoja. Mchana ziwani macho yalimwambia juu ni wapi. Usiku hapakuwa na wa kumwambia.

Nawasilisha kwa sababu najua ukanda huu wote wa ziwa, kuanzia Magu hadi Sengerema, Ukerewe mpaka Musoma, kuna watoto viziwi wanaoitwa waoga na wenye dharau. Mtoto kiziwi apimwe macho. Aliyechelewa kutembea apimwe haraka zaidi.

MvuviMstaafu_Igombe

Pole sana binti. Nimesoma nikiwa nimeshika kifua.

Miaka ya tisini tulikuwa na kijana kiziwi kambini. Tulikuwa tunamcheka kwa sababu usiku anatambaa kwenye mtumbwi badala ya kutembea. Tulisema anaogopa maji. Mchana anapanga dagaa kwenye mawe vizuri kuliko sisi wote. Mwisho tajiri alimfukuza, hatukujua alikwenda wapi.

Leo ndiyo nimeelewa alikuwa anatambaa kwa nini. Kama yuko hai, Mungu amlinde, na mimi namwomba radhi hapa hapa mbele yenu.

MtumishiMacho

Asante mleta mada. Nafanya kazi kwenye huduma za macho Kanda ya Ziwa, siyo bingwa, lakini wagonjwa wa aina hii nimewaona. Naomba niongezee machache.

Kwanza msiwalaumu sana wale wa zahanati, ingawa walikosea. Kutoona usiku kwa mtoto wa Kitanzania, jambo la kwanza kufikiria ni vitamini A, ndiyo maana watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 wanapewa matone yake mara mbili kwa mwaka. Tofauti ni hii: upungufu wa vitamini A hukausha jicho, pengine linaota madoa meupe kama povu pembeni ya mboni, na akipewa dozi sahihi anaanza kuona usiku ndani ya siku chache. Huyu wa Usher jicho kwa nje ni zuri, linang'aa, na dozi haibadilishi kitu. Ukiona miezi inapita bila nafuu, usiongeze maini, ongeza safari ya kwenda kwa mtaalamu.

Kinachotokea ndani ya jicho kinaitwa retinitisi pigmentosa. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina seli za aina mbili: zile za giza, ambazo nyingi zimekaa pembezoni, na zile za mchana, za rangi na kusoma, ambazo zimejaa katikati. Za giza ndizo zinazoanza kufa. Hivyo mtu anapoteza usiku kwanza, halafu anapoteza pembeni, duara linabana mwaka hadi mwaka mpaka anaona kama anachungulia kwenye bomba. Katikati hubaki muda mrefu. Wengi bado wanasoma herufi ndogo wakiwa watu wazima kabisa, na hapo ndipo jamii inapowaonea: "Huyu anasoma simu, halafu anasema haoni ndoo!" Anasema kweli. Simu ipo katikati, ndoo ipo chini.

Usher ina aina tatu. Ya mdogo wake mleta mada inafanana na ya kwanza: uziwi mkubwa tangu kuzaliwa, mizani haipo, na macho yanaanza kupungua kabla au karibu na miaka kumi. Ya pili ndiyo yenye watu wengi zaidi. Usikivu ni hafifu tangu kuzaliwa lakini mtu anaongea, anatembea kwa wakati, na usiku unaanza kumsumbua ujanani. Ya tatu ni adimu sehemu nyingi za dunia, usikivu na uoni vyote vinapungua taratibu kadiri mtu anavyokua.

Halafu nisiwatishe. Watoto wengi viziwi hawana Usher. Makadirio ya vitabu vya tiba, yaliyotoka zaidi Ulaya na Marekani, ni watoto 3 hadi 6 kwa kila viziwi 100. Mtoto anaweza kuwa kiziwi kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa rubella aliyopata mama akiwa mjamzito, na rubella nayo inaweza kuharibu masikio na macho pamoja. Chanjo ya surua-rubella ilianza kutolewa nchini mwaka 2014, msiikose. Na mwingine anahitaji miwani tu. Lakini hata huyo wa miwani, kiziwi anaishi kwa macho yake. Kumpima ni faida kwa vyovyote.

Mzee wa Igoma

Binti yangu, sikupingi, na pole kwa yaliyokukuta. Ila kwetu mambo ya namna hii huangaliwa pande zote mbili. Mtoto mmoja ndani ya nyumba hasikii, haoni, na wenzake wazima. Hamkuuliza upande wa pili?

BintiWaMabatini

Shikamoo mzee wangu. Tuliuliza. Tena upande wa pili ndiko tulikoanzia.

Ilitoka mbuzi, ikatoka ng'ombe, na mwisho likatoka jibu kwamba mama ndiye aliyeleta kitu kutoka kwao. Mama yangu aliishi na neno hilo miaka kumi na minne. Mashangazi walikuwa hawali chakula alichopika. Nikikumbuka hili mikono inakosa nguvu ya kuandika, lakini acha niandike, kwa sababu najua kuna mama mwingine huko anasoma.

Daktari alitueleza hivi. Kila mtu ana nakala mbili za karibu kila jeni, yaani yale maelekezo ya mwili tunayorithi, moja ya baba, moja ya mama. Jeni zinazohusika na Usher hutengeneza protini zinazotumika sehemu mbili: kwenye vile vinywele vidogo vya sikio la ndani, na kwenye seli za retina. Ndiyo sababu hitilafu moja inapiga masikio na macho. Ukiwa na nakala moja mbovu na nyingine nzima, ile nzima inatosha. Unasikia, unaona, hujui chochote mpaka unazeeka. Baba yangu wa Ukerewe alikuwa nayo moja. Mama yangu wa Magu alikuwa nayo moja. Hawana undugu wowote. Kuoana ndugu kunaongeza uwezekano, lakini hata wasio ndugu wanaweza kukutana hivyo bila kujua.

Kila mimba yao ilikuwa kama kurusha sarafu mbili kwa pamoja. Mara moja kati ya nne mtoto anachukua nakala mbovu ya baba na mbovu ya mama. Na sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana, kwa hiyo kuwa na mmoja mgonjwa hakumkingi anayefuata wala hakumlaani.

Kwa hiyo mzee wangu, baba alitoa nusu na mama alitoa nusu. Hakuna aliyefanya kosa. Siku daktari alipolisema hilo, baba alikuwepo. Tulipofika nyumbani aliita dada zake wote, akawaeleza mbele ya mama, akataka wamwombe msamaha. Wawili waliomba.

Mzee wa Igoma

Nimekuelewa mwanangu. Mpe mama salamu zangu, mwambie mzee mmoja wa Igoma amesema alidhulumiwa.

MamaJ_Sengerema

Dada habari. Mimi huwa nasoma tu humu, sijawahi kuandika.

Nina binti wa miaka sita. Hasikii. Alitembea akiwa na miaka miwili na kidogo, na mpaka sasa anaanguka sana. Nilivyosoma ile habari ya shimo nilianza kulia, maana na yeye alichimbiwa. Usiku analala na kitambaa changu mkononi, taa ikizimwa anapiga kelele mpaka iwashwe. Baba yake ni mvuvi, anasema mtoto nimemdekeza.

Sijui hata nianzie wapi. Hospitali ya hapa walisema akikua ataacha. Je, kuna dawa? Niambie ukweli.

BintiWaMabatini

Mdogo wangu, au dada yangu, pole. Nakuomba usimwadhibu kwa zile kelele. Taa ikizimwa wewe unabaki na masikio. Yeye habaki na kitu zaidi ya hicho kitambaa.

Ukweli ndio huu: dawa ya kuuponya haipo kwa sasa. Utafiti wa tiba za jeni unaendelea nchi za nje, lakini hakuna leo chupa ya kununua ikarudisha macho. Nakwambia mapema kwa sababu watakuja. Sisi walikuja wenye matone, wenye mizizi, na mmoja aliyesema ana tiba ya seli, alitaka tuuze kiwanja. Msiuze kiwanja.

Lakini kutokuwepo dawa siyo kutokuwepo cha kufanya. MtumishiMacho atusaidie hapa.

MtumishiMacho

Mama J, mlete. Tena miaka sita ni mapema kuliko wengi tunaowaona. Wengi wanaletwa wameshafika sekondari.

Atapimwa usikivu, ataangaliwa retina, na akiweza kutulia atapimwa upana wa kuona. Retina ya mtoto mdogo inaweza kuonekana nzuri hata kama ugonjwa upo, kwa hiyo usiambiwe mara moja "hana kitu" ukaacha. Rudi kila mwaka. Watu wa retinitisi pigmentosa wanapata mtoto wa jicho mapema kuliko kawaida, nao unafanyiwa upasuaji. Wengine retina inavimba katikati, nayo ina dawa. Vitu hivyo viwili vinaweza kumwibia mtu uoni ambao angebaki nao, na vinatibika. Kofia yenye ukingo na miwani ya jua humsaidia, maana mwanga mkali wa ziwani unamuumiza na akiingia ndani ghafla haoni kabisa kwa muda.

Masikio: Muhimbili wamekuwa wakipandikiza kifaa cha koklea, kile kinachopeleka sauti moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu wa sikio, tangu 2017. Kifaa hicho hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwekewa miaka ya mwanzo kabisa, kwa hiyo kwa binti yako uliza, lakini usijenge matumaini yako yote hapo. Hakirudishi mizani wala macho. Mwenye usikivu hafifu, shimesikio, yaani kifaa cha kuvaa sikioni kinachokuza sauti, linatosha.

Vidonge vya vitamini A vya nguvu kubwa msijinunulie. Vikizidi vinaumiza ini, na kwa mjamzito vinaharibu mimba. Pia, akiugua popote, mwambieni daktari kwamba ana tatizo la masikio ya ndani, maana ziko sindano kama jentamisini zinazoweza kudhuru usikivu na mizani.

Na ziwani asiingie peke yake, hata mchana. Usiku asiingie kabisa.

JioniYaNyegezi

Nimesoma uzi huu mara tatu kabla ya kuandika. Mimi mwenyewe nina Usher, aina ya pili. Nina miaka 36, ninaongea, ninavaa shimesikio masikio yote mawili.

Niliambiwa nikiwa na miaka 29. Kabla ya hapo nilikuwa na majina mengi. Utotoni nilikuwa "mzito wa kuelewa", ingawa nikikaa dawati la mbele nilikuwa wa kwanza. Chuo nikawa "mtu wa kujitenga", kwa sababu mkusanyiko wa jioni siwezi: sisikii kwenye kelele, na midomo ya kusoma siioni.

Naomba nieleze jina linaloumiza kuliko yote, mwenye majivuno. Mnajua kwetu salamu ilivyo. Mtu mzima akinyoosha mkono wake nami namtazama usoni, mkono ule mimi siuoni. Uso wake naona mpaka kope, mkono haupo. Anasubiri, anaurudisha, anaondoka na donge moyoni. Nimewaudhi wakwe hivyo. Nimemuudhi mchungaji. Sasa nimejifunza, kila ninayekutana naye natanguliza mkono wangu mimi, namsubiri aushike. Kwa mkubwa siyo adabu mdogo kutanguliza mkono, najua, na kila mara nafsi inanisuta. Lakini ni bora kuliko kuuacha wake unaning'inia.

Kwa wanaoishi na mtu kama sisi: ukihamisha stuli, mwambie. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa, usiwe nusu, maana ule ukingo unatupiga paji la uso. Ngazi zipakeni chokaa ukingoni. Ukitaka kuniita, niguse bega taratibu, usinishtue kwa nyuma.

Sipiti tena stendi ya Nyegezi jioni bila mtu. Niliona aibu kushika fimbo mpaka mwaka jana. Fimbo nyeupe ni ya asiyeona. Yenye mistari myekundu na myeupe ni ya asiyeona na asiyesikia. Niliponunua mkanda mwekundu wa kuzungushia ya kwangu nililia dukani. Muuza duka hakujua kwa nini, akanipunguzia bei.

MwalimuWaAlama

Nafundisha viziwi. Naanza kwa kukiri kwamba na mimi nimeshamchapa mtoto kwa kosa la kutogeuka nilipompungia. Siwezi kulirudisha lile.

Walimu wenzangu, mtoto akiona kama kwenye bomba, alama pana za kuzunguka mwili mzima zinatoka nje ya duara lake. Usimsogelee karibu sana ukidhani unamsaidia; rudi hatua mbili tatu, fanya alama ndogo, karibu na kifua na kidevu. Vaa nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yako, vitenge vyetu vya maua vinameza mikono. Simama mwanga ukikupiga wewe usoni, siyo dirisha likiwa nyuma yako. Kwenye majadiliano ya kundi, mwonyeshe nani anaongea kabla hajaanza, la sivyo kila akigeuka sentensi imeisha.

Na jambo la kupambania: shule zetu zimejengwa kwa ulemavu mmoja mmoja. Ya viziwi inategemea macho. Ya wasioona inategemea masikio. Mtoto wa Usher akifika miaka kumi na tano hana hata moja inayomfaa sawasawa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ipo, haki ya elimu imeandikwa. Wazazi tusaidieni kudai.

KijanaWaKirumba

Mleta mada samahani kwa swali. Mdogo wako akitaka kuoa, watoto watakuwaje? Na wewe mwenyewe je?

BintiWaMabatini

Swali zuri, na usiombe samahani. Yeye ana nakala mbili mbovu, kwa hiyo kila mtoto wake atapokea moja. Lakini kama mkewe hana hitilafu kwenye jeni ileile, hakuna mtoto atakayeugua. Watakuwa wabebaji tu kama wazazi wangu.

Mimi nilidhani uwezekano wangu wa kuwa mbebaji ni nusu. Daktari akachora vyumba vinne kwenye karatasi: mtoto mgonjwa, mbebaji, mbebaji, asiye na kitu. Akasema, "Wewe unasikia na unaona, kwa hiyo chumba cha mgonjwa tukifute." Vikabaki vitatu, na viwili kati yake ni vya mbebaji. Kwa hiyo ni mbili kwa tatu. Nilikaa na karatasi ile usiku mzima. Nimeolewa, nina mtoto mmoja, na mume wangu nilimweleza kabla hajalipa mahari. Alisema twende.

MamaJ_Sengerema

Dada, mnaongeaje naye usiku?

BintiWaMabatini

Asante kwa kuuliza hilo, kwa sababu ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo na sikupata pa kuliweka.

Baada ya Bugando mtu mmoja kutoka chama cha viziwi alikuja nyumbani, naye ni kiziwi. Akamshika mdogo wangu mikono, akaiweka juu ya mikono yake mwenyewe, akaanza kufanya alama. Lugha ileile ya Alama, ila inasomwa kwa viganja. Mdogo wangu alikataa. Alisema bado anaona, hilo ni jambo la vipofu. Tukaacha.

Wiki kadhaa baadaye umeme ukakatika tukiwa tunakula. Akafanya kama kawaida yake, akatafuta ukuta, akakaa. Mimi nikaenda nikakaa naye chini, nikachukua mikono yake nikaiweka juu ya yangu, nikamuuliza: umeshiba? Hakujibu. Nikarudia. Akanijibu kwenye viganja vyangu kwamba ugali ulikuwa mgumu.

Tulikaa pale tukiongea mpaka saa sita. Aliniambia habari za shule ambazo sikuwahi kuzijua, nani alimpiga, nani alimficha asipigwe. Aliniambia kwamba tangu utoto, kila taa ilipozimwa, alikuwa anahesabu mpaka iwake, na siku moja alihesabu hadi elfu tisa. Miaka yote ile nilikuwa chumba kimoja naye.

Kwa hiyo anza na binti yako sasa hivi, mchana, kama mchezo. Mikono yake juu ya yako. Asiijue kama lugha ya msiba, aijue kama lugha ya mama.

Mdogo wangu siku hizi anatengeneza nyavu pale Mwaloni Kirumba. Vidole vyake vinapata tundu kabla ya macho ya wengine. Saa kumi jioni anafunga kazi, mjomba anamsindikiza.

MamaJ_Sengerema

Nimejaribu jana usiku. Amenishika mikono hajaiachia mpaka akalala. Hakupiga kelele.

Nimeongea na baba yake. Nimemsomea ile sehemu ya kuogelea kuelekea chini. Hakusema neno, ametoka nje, amerudi na nauli. Kesho tunakuja na kivuko cha kwanza cha Kamanga. Sijawahi kufika Bugando, sijui mlango wa macho ni upi.

BintiWaMabatini

Mimi nitakuwa hapo mnaposhukia, nimevaa gauni jeusi lisilo na maua ili mtoto aone alama zangu vizuri. Mdogo wangu ameomba ruhusa kazini, anakuja pia. Amesema nikuulize binti yako jina lake la alama ni lipi, na kama hana, tutampatia.